Unga Usionuka

Epifania Ndayiragije alipoambiwa kwamba biashara yake imekufa, aliuliza imekufa ipi, maana mbili alikuwa ameshazizika mwenyewe.

Ya kwanza ilikuwa Kibondo. Huko aliwauzia unga wakimbizi wa kambini, mpaka soko walilokutania na wanakijiji likafungwa na wateja wake wakaanza kupanda mabasi kurudi Burundi, wengine kwa kupenda, wengine kwa kuchoka. Ya pili aliianzisha Kitanga, wilaya ya Kasulu, kwenye shamba aliloachiwa na baba yake, mkimbizi wa zamani aliyefia hapa akiwa raia. Alivundika muhogo, akaukausha, akausaga, akaupakia kwenye malori yaendayo Manyovu. Ng'ambo ya mpaka waliugombea, kwa sababu ulinukia kama jikoni kwa mama zao. Kisha faranga ya Burundi ikaporomoka, mafuta ya magari yakaadimika kule, na malori yakaacha kuja. Wabadilisha fedha wa Manyovu wakawa wanashinda wakicheza bao.

Wengi wangeacha hapo. Epifania alikuwa na tabia moja iliyomtoa kila shimoni: hakuamini jambo mpaka alijaribu kwa kidogo. Miaka michache nyuma, magonjwa ya muhogo yalipomaliza ile mihogo mitamu tuliyozoea kutafuna mibichi, yeye alitafuta vipando vya aina mbalimbali, akavipanda pembeni mwa shamba, akangoja. Vyote vilioza isipokuwa vya aina moja, muhogo mchungu ambao hata nguruwe pori hawaufukui. Mwaka uliofuata kijiji kizima kilikwenda kwake kuomba vipando. Kwa hiyo niseme tangu mwanzo: kama Kitanga ilikuwa na kitu cha kula, ilikuwa ni kwa sababu mwanamke huyu alithubutu.

Malori ya Manyovu yalipokoma, aliteremka Kasulu mjini na gunia la mfano, akaingia dukani kwa Khatibu, mfanyabiashara mwenye ndugu Tanga na Dar es Salaam. Khatibu alifungua gunia, akafunga.

"Mama Epifania, unga wako ukiingia dukani, paka anatoka."

"Basi paka wako hajui kula."

"Huyu? Mama yake kaletwa kutoka Tanga, anakula kuliko mimi." Khatibu akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sikiliza, mama yangu. Unga wa muhogo unatakiwa. Ndugu yangu Dar ananisumbua kila siku, kuna watu wanauchanganya kwenye mikate. Lakini wanataka mweupe, usionuka. Niletee huo, nami nitakuletea lori mpaka mlangoni."

Harufu ya unga wetu hutoka kwenye maji. Muhogo mchungu hulowekwa siku tatu, nne, mpaka ulainike na kuchacha, ndipo huvundikwa na kuanikwa. Bibi zetu hawakufanya hivyo kwa kupenda uvundo. Muhogo huo usipokaa majini vya kutosha hulewesha: mtu hula, kichwa kikamzunguka, akatapika. Hilo kila mtu Kitanga analijua, na Epifania alilijua kuliko wote.

Akaanza kujaribu. Alipanga ndoo nyuma ya nyumba, akazifunga kamba za mgomba kuzitofautisha. Moja ikakaa siku tatu kama desturi, nyingine mbili, nyingine usiku mmoja tu, lakini muhogo wa hii ya mwisho aliukwangua kwanza ukawa chicha, akaukamua kwa mawe na kuuanika juani siku kutwa. Unga wa ndoo ile ulitoka mweupe kama chaki. Ukiusogeza puani hupati kitu.

Hakukimbilia kuuza. Aliwapa kuku kwanza, wakaendelea kuparua. Akala yeye. Kisha akampikia mumewe, Pasikali, fundi baiskeli mwenye maneno mengi.

"Kwa hiyo mimi ndiye kuku wa pili?" Pasikali aliuliza, akiwa ameshika tonge.

"Wa tatu. Wa pili nilikuwa mimi."

"Nikifa, mwambie padri niliuawa na ndoa."

"Ukifa nitamwambia ulishiba."

Waliula mwezi mzima, wao na watoto wao. Hakuna aliyelewa, hakuna aliyetapika, na Pasikali alilazimika kutoboa tundu jipya kwenye mkanda. Ikaonekana wazi kwamba kukwangua na kukamua kunatosha. Kila jioni, mkekani kwao, pembeni ya ule ugali mweupe kulikuwa na chungu cha maharage, au dagaa wa Kigoma, au mayai ya wale kuku waliotangulia kuonja. Ugali haukuwahi kufika mkekani kwao peke yake. Hakuna aliyefikiri kwamba bakuli la maharage nalo lilikuwa sehemu ya jaribio.

Kwa kina Epifania kitu cha kwanza hakiuzwi. Mavuno ya kwanza ya shamba, maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, hupewa mtu mwingine aonje kabla ya mwenyewe kunufaika. Baba yake alikuja na desturi hiyo kutoka Burundi, hakuja na kingine. Naye anayepewa ana wajibu wake: hupokea kwa mikono miwili, hushukuru, na hakitii kasoro alichopewa. Kukitia kasoro ni kumtukana mtoaji mbele ya Mungu.

Gunia la kwanza la unga mweupe akampa Immakulata.

Immakulata alikuwa mjane, akiishi kwenye mteremko unaotazama bonde, upande wa watu wanaolima mashamba ya kukodi. Maharage yake yalinyauka yakiwa kwenye maua, mvua ilipokatika. Alikuwa na binti mmoja, Divine, msichana wa darasa la sita mwenye sauti kubwa ambaye walimu walimchoka na wenzake walimfuata kama malkia. Katika miezi ya njaa, kabla mavuno mapya hayajaingia, nyumba ile haikuwa na chakula kingine isipokuwa unga wa Epifania. Ulipokwisha, Epifania aliongeza. Kila Jumapili, baada ya misa, alimvuta Immakulata kando.

"Unga vipi, dada?"

"Mzuri, mama. Imana ikubariki," alisema, akimwita Mungu kwa Kirundi.

"Niambie ukweli, nataka kuupeleka mjini. Haunuki?"

"Haunuki hata kidogo."

"Mnashiba?"

"Tunashiba, mama. Tungekuwa wapi bila wewe?"

Juu ya majibu hayo ndipo Epifania alipojenga. Nyumba nyingine za mteremkoni zilipokuja kuomba, akazipa pia, wao wakamlipa kwa jembe shambani. Mteremko mzima ukawa unakula ugali mweupe, na kila aliyeulizwa alisema ni mzuri.

Wakati huohuo aliitwa Kasulu kwenye semina ya wajasiriamali. Mtoa mada kutoka mbali alikuja na kompyuta yake na maji ya chupa, akawafundisha akina mama namna ya kuongoza biashara katika nyakati zisizotabirika. Jaribu kidogo, angalia matokeo, panua. Usiogope kukosea, kukosea ni mtaji. Epifania aliposimama na kueleza habari za ndoo zake, ukumbi mzima ulimpigia makofi. Maneno yale ni mazuri, na mimi, niliyeyanakili chuoni na siku ile nilikuwa ukumbini, nayapenda bado. Lakini yana uongo ndani yake, na natamani ningeusema siku ile ukumbini kwa sauti ya kuvunja vioo: yanachukulia kwamba anayejaribu ndiye atakayelipia kosa. Huko yalikotungwa, labda. Kwetu mmoja hujaribu, na anayelipa ni yule asiye na kingine cha kula.

Khatibu aliuonja ule unga, akaita mpishi wa hotelini naye akauonja. Lori likaahidiwa kwa Ijumaa. Epifania akajaza stoo hadi darini.

Jumanne ya wiki ile, asubuhi, Divine aliamka kwenda kisimani na miguu ikakataa. Hakuwa na homa, wala hakuhisi maumivu. Alisimama akishikilia mlango, magoti yamegongana, vidole vya miguu vimekanyaga chini na visigino vikiwa juu, kama mtu anayetembea kwenye miiba. Alifikiri ni mzaha wa mwili, akacheka, akajaribu hatua, akaanguka juu ya ndoo.

Kabla ya mchana majirani walikuwa wameshapata jina la mchawi. Epifania hakungoja ubishi huo. Alikodi pikipiki mbili, akampakata msichana mwenyewe, Immakulata akafuata nyuma, mpaka hospitali mjini.

Daktari, mwanamke kijana, alimgonga Divine magoti kwa kinyundo, akaona yanavyoruka. Akauliza, "Nyumbani mnakula nini?"

"Ugali," alisema Immakulata.

"Wa nini?"

"Wa muhogo."

"Kwa nini?"

Immakulata alitazama chini.

"Mboga, mama. Kwa mboga gani?"

"Isombe."

"Kisamvu, kila siku?"

"Ikiwepo."

"Samaki? Maharage?"

Divine ndiye aliyejibu, kwa ile sauti yake kubwa iliyosikika hadi nje: "Mara ya mwisho tulikula maharage siku ya Krismasi. Kwa mama Epifania."

Daktari alieleza polepole, na Epifania alisikiliza akiwa amesimama. Muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha hubaki na sumu kidogo, isiyolewesha, isiyotapisha. Mtu anayekula maharage, samaki au mayai, mwili wake unaimudu sumu hiyo na kuitoa. Asiyekula hivyo, wiki kwa wiki, sumu humshika mishipa ya miguu, na huja ghafla, hasa kwa watoto na akina mama.

"Atapona lini?" aliuliza Immakulata.

"Hali hii haitaongezeka, akiacha unga huo. Lakini hiyo iliyokwisha kuingia, mama, haitoki."

Divine aliitazama miguu yake, akamtazama daktari.

"Kuna wengine wanaokula unga huohuo?" daktari akauliza. Epifania akaitika kwa kichwa. "Basi uondoe. Na uwaambie watoto wakimbie mbele yako. Ikiwa imeanza kidogo, mtu akitembea huioni. Akikimbia utaiona."

Kwenye benchi la nje Epifania alikaa karibu na Immakulata.

"Ulikuwa mchungu?" Epifania aliuliza.

"Kidogo."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu gunia la kwanza. Ukimeza, unabaki hapa." Immakulata akagusa koo. Kwa Epifania mchuzi wa maharage ulikuwa umeuficha uchungu huo.

"Nilikuuliza. Kila Jumapili nilikuuliza, dada!"

"Uliniuliza kama unanuka."

"Nilikuuliza kama ni mzuri!"

"Na mimi ningesemaje?" Immakulata aligeuka kumkabili. "Umenipa gunia. Mtoto wangu amelala ameshiba kwa mkono wako. Nije nikwambie mbele ya kanisa, mama, unga wako mchungu? Wewe ungeweza?"

Epifania alijua kwamba asingeweza.

Alipotoka hospitali alikwenda dukani kwa Khatibu kumwambia lori lisije. Khatibu alimsikiliza mpaka mwisho, akampa kiti, akamwita msichana alete chai. Si mtu mbaya, na alichosema hakikuwa upumbavu.

"Pole, mama. Pole sana kwa huyo mtoto. Lakini nisikilize kwa utulivu. Daktari kasema mwenye kula samaki hadhuriki?"

"Kasema hivyo."

"Wateja wangu Dar wanakula samaki. Wanakula nyama. Huo unga utachanganywa na ngano, mtu anapata kipande na chai ya maziwa. Nani atadhurika? Wewe mwenyewe umeula mwezi mzima, tazama ulivyonawiri."

Epifania alijua kwamba Khatibu alikuwa anasema kweli. Stoo ile ilikuwa kila kitu alichokuwa nacho: muhogo wa misimu miwili, wake na wa wale waliomwamini wakamkabidhi wa kwao. Lori likienda, angeweza kuanza upya kwa kuloweka siku nne kama bibi yake, na Divine angepata wa kumtunza. Lisipoenda, alikuwa anaizika biashara ya tatu, na nyuma yake hakukuwa na shamba lingine la kukimbilia.

"Ukifika Dar," aliuliza, "unajua anayenunua ni nani?"

"Wanunuzi."

"Yupo anayenunua kwa sababu ndio rahisi kuliko wote?"

Khatibu alikoroga chai yake. "Wapo kila mahali hao, mama."

"Basi lori lisije."

"Mama Epifania, usifanye uamuzi leo."

"Niliwauliza kuku," alisema Epifania, "nikamuuliza mume wangu, nikamuuliza mtu asiyeweza kunijibu. Sasa nataka niwaulize tena watu wa Dar?" Akainuka bila kuonja chai.

Jumatano alianza kupita mteremkoni kukusanya unga. Alidhani hiyo ingekuwa kazi nyepesi. Nyumba ya kwanza walimpa nusu gunia, na ilionekana lilikuwa kamili jana yake. Nyumba ya pili walisema umekwisha, huku chungu kikitokota nyuma yao. Nyumba ya tatu ilikuwa ya Nduwayezu, kibarua mwenye mke na watoto, ambaye alisimama mlangoni na mikono yake imeshika miimo yote miwili.

"Tumesikia lori la Mswahili linakuja Ijumaa," alisema.

"Haliji. Nimelikataa."

"Eti umelikataa. Umepata bei, sasa unatunyang'anya ulichotupa."

"Nduwayezu, unga huu umemvunja Divine miguu."

"Divine karogwa, kila mtu anajua. Mimi nimekulimia shamba kwa unga huu. Mgongo wangu nao utanirudishia?"

"Nitakupa kingine."

"Kipi? Kilete kwanza."

Hakuwa na kingine, na Nduwayezu alilijua hilo. Watoto wake walikuwa wanachungulia chini ya kwapa lake, wakimtazama Epifania kama anavyotazamwa mwizi.

Alhamisi aliwaita watu stoo ili waone kwamba hauzi. Yeye na Pasikali walitoa gunia baada ya gunia, wakalimwaga kwenye shimo walilochimba nyuma ya nyumba. Watu walikuja na kusimama wakitazama ule weupe ukiteremka shimoni, katika mwezi ambao wengine wao walikuwa wanakula mara moja kwa siku. Mwanamke mmoja akaanza kulia. Mwingine akaingia shimoni na kanga yake, akaanza kuchota.

"Toka!" Epifania alipiga kelele. "Toka humo, ni sumu!"

"Sumu unayoila wewe unenepe?"

Wengine wakaanza kushuka. Ndipo Epifania alipokimbilia ndani, akarudi na dumu la mafuta ya taa, akaumwagia unga wote, mpaka harufu ikamfanya yule mama wa kanga akohoe na kupanda juu. Kwetu mtu anaweza kuiba chakula na akasamehewa. Kumwagia chakula mafuta ya taa mbele ya wenye njaa, sijui kama lugha yetu ina neno lake. Walitawanyika mmoja mmoja. Tangu siku ile, Jumapili baada ya misa, wengi hupita upande mwingine wa uwanja wakimwona.

Wapo watakaosema hili ni suala la muhogo na maji, na kwamba akina mama wafundishwe. Nakubali, wafundishwe. Lakini Immakulata hakukosa elimu ya muhogo, ulimi wake ulimwambia tangu gunia la kwanza. Alikosa maharage, na alikosa haki ya kulalamika. Nchi ambayo maskini wake hawawezi kusema kwamba walichopewa ni kichungu, itaendelea kupata majibu mazuri kwa kila inachowajaribishia, na watoto wake wataendelea kuanguka juu ya ndoo za maji.

Epifania hakuwa na muda wa mawazo kama hayo. Unga aliougawa ulikuwa bado umefichwa uvunguni katika nyumba za mteremkoni, na ulikuwa unapikwa. Kama hawezi kuutoa, alisema, basi usiliwe peke yake. Kwenye dari ya jiko lake kulikuwa na maharage ya mbegu, yaliyohifadhiwa kwa majivu, ya kupanda msimu unaofuata. Aliyateremsha yote. Pasikali alimsaidia kuyapepeta na kuyaosha, akauliza tu, "Na tutapanda nini?"

Kila asubuhi akawa anapita na kikapu, nyumba kwa nyumba. Anatoa bakuli la maharage, kisha anawaomba watoto wakimbie hadi mahali fulani na kurudi. Watoto walifikiri ni mchezo. Walikimbia wakicheka, wakisukumana, na yeye alichuchumaa chini kabisa, macho yake kwenye visigino vyao.

Nduwayezu ndiye wa mwisho kumfungulia. Alipokea bakuli kwa mkono mmoja, bila salamu, akaketi kwenye kigogo na kumwacha afanye anachotaka. Watoto wake wawili walikimbia hadi kwenye mgomba wa uani na kurudi wakihema. Epifania akashusha pumzi.

"Bado mmoja," alisema. "Yule mkubwa."

"Anachota maji," alisema Nduwayezu. "Huyo hapo anakuja."

Msichana alitua ndoo, akajifuta uso. Alikuwa wa rika la Divine, mpole kuliko yeye.

"Kimbia, mwanangu. Mpaka kwenye mgomba, urudi."

Msichana alimtazama baba yake. Nduwayezu akatikisa kichwa kuruhusu, akitabasamu kwa dharau, kama mtu anayengoja kumwona mwenzake akiumbuka. Msichana akakimbia. Alifika kwenye mgomba, akagusa jani, akageuka, akaanza kurudi, na magoti yake yalikuwa yanagongana.

Nduwayezu aliinuka kutoka kwenye kigogo.

"Rudia," alimwambia binti yake. "Hebu rudia."